Msumeno wa Kumi na Saba

Skrubu ilianguka mara ya tatu, na safari hii Kumi na Saba hakujua kama imeanguka. Aliendelea kuzungusha bisibisi hewani, kichwa amekiinamisha, ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Mkewe alikuwa akimtazama kutoka kwenye cherehani. Aliiacha mizunguko ipite: mitatu, minne, mitano. Kisha akaondoa miguu kwenye pedali.

"Baba watoto, unafunga nini?"

Mumewe akainua bisibisi, akaitazama ncha yake tupu. Akaweka mikono juu ya magoti, viganja vikitazama dari, kama mtu aliyeambiwa aonyeshe alichoiba.

Mke, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Pindo kwa jinsi pindo zake zilivyonyooka, alichukua sumaku aliyozoea kuokotea pini, akapiga magoti na kuipitisha chini ya meza. Skrubu ikaruka na kunata. Ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele.

"Sogea," alisema.

"Hii kazi ya fundi, mama."

"Na mimi ni nani, mlinzi wa geti? Miaka thelathini naifungua cherehani hii na kuirudisha, haijawahi kubaki skrubu ya ziada. Sogea nikae. Wewe utasema, mimi nitafanya. Mdomo wako haujafa ganzi."

Juu ya meza ya kukatia nguo, mahali ambapo jana yake palikuwa na gauni la mteja, ulilala msumeno wa injini wa zamani, mzito kama mtoto wa miaka mitatu. Rangi yake nyekundu ilikuwa imebaki kwenye kona tu. Kwingine kote ulikuwa rangi ya masizi na grisi iliyogandamana. Mpini wake wa mbele ulikuwa bomba la chuma lililofungwa kwa bolti kwenye injini yenyewe, bila mpira, bila springi, bila chochote katikati. Waliouunda waliufikiria mti. Mtu hawakumfikiria.

Kumi na Saba aliushika kwa miaka ishirini na nane katika shamba la miti la kampuni, kule kwenye miteremko ya baridi. Kila mkataji alipewa mashine, kila mashine ilikuwa na namba, na haukupita muda namba ikawa ndiyo mtu. "Tisa, panda juu! Kumi na Saba, teremka!" Ndivyo nyapara alivyoita, ndivyo wenzake walivyoita, na ndivyo mtaa ulivyolipokea jina hilo likakaa. Mwaka wa kumi na mbili kidole chake cha shahada kilianza kupauka asubuhi, kama kimechovywa kwenye unga. Kikafuata cha kati. Vilikufa ganzi, kisha vikarudi na maumivu ya kutiwa motoni. Mwaka wa ishirini alianza kuangusha vikombe. Sasa Bi Pindo ndiye aliyemfunga vifungo vya shati kila asubuhi, haraka haraka, huku akizungumzia bei ya uzi au mbwa wa jirani, ili isionekane kwamba jambo lolote linafanyika.

Siku ya kumuaga kazini walimpigia makofi, wakamkabidhi mashine ile ile kama zawadi, kwa kuwa kampuni ilikuwa imeshanunua mpya. Ni sawa na kumwachisha punda kazi, kisha ukamtwika mzigo wake aende nao nyumbani.

Alipoomba fidia ya mikono, kampuni ilimpeleka kwa daktari wake. Daktari alimtazama vidole kwa muda wa mtu kufunga kamba za viatu, akaandika mstari mmoja: *Mabadiliko ya kawaida ya uzee.*

Uzee! Kumi na Saba alikuwa na miaka hamsini na sita. Mama mzazi wa Bi Pindo alikuwa na themanini na mbili, na bado alitunga uzi kwenye sindano bila miwani, tena huku akiwasema wajukuu. Basi uzee gani huo uliopita mlangoni kwa bibi bila kubisha hodi, ukaja kumwingia mkwewe vidoleni tu, ukayaacha magoti, macho na meno? Bi Pindo aliisoma karatasi ile mpaka mikunjo yake ikaanza kuchanika. Kunyimwa alikuwa amekuzoea; maskini hunyimwa, hulala, huamka. Lakini neno lile lilikuwa limechukua miaka ishirini na nane ya kazi na kuiita siku za kuzaliwa.

Mbele ya Bodi ya Fidia, meneja wa watumishi wa kampuni alifungua kitabu cha picha zinazong'aa na kueleza kwamba mashine zao, tangu mwanzo, zilikuwa na mpira wa kuzuia mtikisiko. Mwenyekiti wa bodi, mama mmoja mwenye miwani mizito, akamgeukia Kumi na Saba.

"Una ushahidi wowote, mzee?"

Akasimama. Akaificha mikono nyuma ya mgongo. "Sina, mheshimiwa."

Walipewa siku ishirini na moja za kuuleta. Nje ya jengo, kabla hawajafika barabarani, Bi Pindo alimshika mumewe mkono wa shati.

"Kwa nini umesema huna? Ushahidi uko mvunguni mwa kitanda, ndani ya gunia."

"Kile chuma chakavu? Hakijawaka miaka saba."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kama mgongo unakuuma, nitainama mimi."

Kwanza waliupeleka kwa fundi pikipiki, mtu wa makamo mwenye kibanda kona ya pili. Fundi aliuzungushazungusha, akacheka kwa heshima.

"Bi Pindo, hii wapelekeeni wanaopima vyuma kwa kilo. Inawaka kwa platini. Nani leo anajua platini?"

"Mume wangu anajua."

"Na kabureta yake je? Vipuri vyake haviko hata kwa dawa."

"Tutaona."

"Mama, hasira hasara."

"Hasara tunayo tayari, fundi. Tuachie na hasira."

Fundi hakuwa mtu mbaya. Aliwaazima kifaa cha kung'olea gurudumu la sumaku, akasema akikiona kimerudi na vidole vyote vya Bi Pindo atashukuru.

Ndiyo maana asubuhi ile mashine ilikuwa juu ya meza ya kukatia nguo, na wateja wawili walikuwa wamesharudishwa mlangoni. Bi Pindo alikalia kigoda cha mumewe. Kumi na Saba akasimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka akaanza kuongea kama mtu anayejua jambo.

"Fungua upande wa kamba. Polepole, ndani kuna springi, ikikuruka itakung'oa jicho. Hapo. Sasa gurudumu. Chini yake utaona vidude viwili vidogo, vimetazamana."

"Nimeviona. Vimeota kutu."

"Vidude hivyo ndiyo platini. Vinagusana, vinaachana. Vikiachana ndipo cheche inatoka."

"Kama sisi."

Alicheka. Bi Pindo hakuwa amemsikia akicheka tangu siku ya bodi. Alisugua vile vidude kwa msasa laini wa kung'arishia kucha, akavifuta kwa kitambaa kilichochovywa kwenye petroli, akavitazama kwenye mwanga wa dirisha hadi vikamrudishia mwanga.

"Nafasi kati yake iwe kiasi gani?"

"Sisi tulikuwa tunapima kwa kipande cha pakiti ya sigara."

Nyumba ile haikuwa na sigara. Bi Pindo alikata ukingo wa kadi iliyoshikilia vifungo vipya, akauingiza, akalegeza, akakaza. Kisha akaifunga plagi kwenye waya wake, akaigusisha kwenye silinda kwa koleo lenye mpini wa mpira. Mumewe alipitisha mkono kwenye kitanzi cha kamba mpaka kwenye kifundo, kwa kuwa vidole havingeshika, akavuta kwa bega zima.

"Imetoka?"

"Vuta tena."

Akavuta.

"Imetoka," alisema Bi Pindo. "Buluu."

"Buluu kabisa?"

"Kama uzi wa sare za shule."

Kabureta ilikuwa kesi nyingine. Ndani yake mlikuwa na utando mwembamba, mduara wenye upana wa mdomo wa kikombe cha kahawa, ambao ukicheza juu na chini ndio unaovuta petroli. Wa kwao ulikuwa umekauka kama ngozi ya ngoma. Bi Pindo alipougusa ulipasuka vipande viwili. Alikata mwingine kutoka kwenye koti la mvua. Ukakaa kwenye petroli usiku mmoja na asubuhi ukakutwa umejikunja kama sikio. Alikata wa pili kutoka kwenye glavu ya kuoshea vyombo, ukavimba. Siku zilikuwa zikienda. Kumi na Saba akaanza tena kusema maneno ya kukata tamaa, akizungukazunguka mlangoni.

"Tuache, mama. Tutachekwa."

"Tumeshachekwa. Ile karatasi ndiyo kicheko chao, wamekiandika na kukipiga muhuri. Wewe unataka tuwasaidie kucheka?"

"Ni neno tu."

"Ni neno tu!" Alisimama. "Uliwahi kunirudia nyumbani huku masikio yanalia mpaka unanisemesha kwa kelele kama niko ng'ambo ya mto. Ulikuwa unashindwa kumbeba mtoto wako mwenyewe kwa kuogopa kumwangusha. Nilikuwa nakuona unamtazama. Sasa mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka aniambie hayo yote ulikuwa unazeeka? Ulianza kuzeeka na miaka thelathini na tatu? Basi na wanitangazie na msiba kabisa, tujue moja."

Mumewe alitoka, akaenda hadi kibanda cha fundi, jambo ambalo hakuwa amelifanya peke yake, na akarudi baada ya saa moja na fundi mwenyewe, aliyebeba kitu kwenye gazeti. Kilikuwa kipande cha mpira mweusi kilichotolewa kwenye pampu ya petroli ya gari lililokufa.

"Mzee kanieleza kazi yake," alisema fundi, safari hii hacheki. "Huu umekaa ndani ya petroli miaka na haujadhurika. Lakini kuukata sawasawa, mimi siwezi."

Bi Pindo aliuvuta kwa pande mbili, akaupeleka dirishani, akaukaribisha jichoni.

"Mbona hiki ni kitambaa," alisema.

"Ni mpira, mama."

"Ni kitambaa kilichopakwa mpira. Tazama, kina nyuzi. Kinavutika upande huu, upande huu hakivutiki." Akanyoosha mkono kwenye msumari ukutani, akashusha mkasi wake mkubwa.

Kumi na Saba alishtuka. Mkasi ule hakuna aliyeruhusiwa kuukatia karatasi, wala kamba, wala kitu chochote chini ya jua. Binti yao aliwahi kuukatia kadi ya harusi na hawakusemeshana siku mbili.

"Mkasi wa kitambaa?"

"Si nimewaambia ni kitambaa?"

Akauzungusha mkono mara moja, bila kuinua. Mduara ukaanguka mezani. Matundu ya skrubu aliyatoboa kwa sindano iliyotiwa moto. Skrubu sita ndogo kuliko punje za mchele zikaingia mahali pake, moja baada ya nyingine, na hakuna iliyoanguka.

Alipokuwa akisugua grisi ubavuni ili gasketi ya mwisho ikae vizuri, kitambaa chake kilikwama kwenye mikwaruzo. Akasugua zaidi. Chini ya uchafu na tabaka mbili za rangi zilitokea herufi tatu za jina la kampuni, zimegongwa kwenye chuma kwa nyundo, na chini ya herufi hizo, 17.

Waliutoa uani saa nne asubuhi. Bi Pindo alikuwa ameufungua mnyororo wenye meno na kuuweka kando. Haja yake ilikuwa injini tu. Aliikandamiza mashine kwa mguu, akavuta kamba. Akavuta tena. Mara ya tisa ilikohoa. Mumewe alikuwa amesimama hatua tatu nyuma, macho amefumba.

"Fungua hewa kidogo. Hapo. Vuta."

Ikawaka. Kuku wa jirani waliruka ukuta. Moshi wa buluu ukajaa uani, na Bi Pindo, kwa kuwa hakujua la kufanya, akaubeba kama alivyokuwa akimwona mumewe akiubeba zamani, mkono mmoja mbele, mmoja nyuma, akabonyeza mafuta.

Alikuwa amejitayarishia kelele. Hakuwa amejitayarishia mtikisiko. Uliingia viganjani kama siafu, ukapanda viwikoni, ukafika kwenye meno. Macho yalitikisika ndani ya kichwa chake mpaka ukuta ukawa kuta mbili. Alivumilia kiasi cha kukariri sala moja fupi, akauzima, akauweka chini, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mikono iliendelea kuwasha kana kwamba bado inaushika.

"Saa ngapi kwa siku?" aliuliza.

"Saba. Nane, wakati wa mzigo mkubwa."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia nini? Kila mtu alikuwa anashika."

Mpaka dakika ile Bi Pindo alikuwa amepanga kuipeleka bodi namba na mpini usio na mpira, waone kwa macho. Sasa aliona kwamba kuona hakutoshi. Yeye mwenyewe alikuwa ameiona mikono hiyo kwa miaka ishirini na nane.

Siku ya ishirini fundi aliwapakia kwenye pikipiki yake ya magurudumu matatu, ile ya mizigo. Mlinzi wa jengo la bodi alinyanyua gunia, akarudi nyuma hatua moja.

"Hii ni silaha?"

"Ni kielelezo," alisema Bi Pindo. Neno hilo alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima.

Chumba kilikuwa kile kile: meza ndefu, saa ya ukutani, dirisha linalotazama uani. Meneja wa watumishi alikuwa ameshafika, shati jeupe, kitabu cha picha mezani. Alipowaona akatabasamu tabasamu la mtu anayewahi kumaliza.

"Aha, Kumi na Saba! Hujambo, mzee wangu?"

"Sijambo, bosi."

Gunia likafunguliwa. Meneja aliutazama msumeno bila kuinuka.

"Mheshimiwa mwenyekiti, kitu kama hiki kinapatikana soko lolote la mitumba. Hakuna kinachoonyesha kwamba ni cha kampuni."

Bi Pindo hakuwa ameulizwa. Akasimama hata hivyo.

"Mheshimiwa, naomba nimuulize bosi swali moja. Mume wangu ana jina alilopewa na baba yake. Wewe bosi umemwitaje sasa hivi, tulipoingia?"

Meneja aliinamia kitabu chake cha picha.

"Umemwita Kumi na Saba. Mlimwita hivyo mkitazama nini? Meno yake?" Akaugeuza msumeno ubavu. "Njooni msome."

Mwenyekiti alitoka nyuma ya meza, akavua miwani, akainama. Akapitisha kidole kwenye herufi, kisha kwenye namba. Akashika mpini wa mbele na kuufuata mpaka unapoingia kwenye injini, akitafuta mpira. Akatafuta na upande wa pili.

"Haupo," alisema.

"Hata kama ni ya kwetu," alisema meneja, sauti imepanda kidogo, "imekufa miaka mingi. Hakuna anayeweza kusema leo ilitikisika kiasi gani. Pengine kidogo sana."

Hilo ndilo neno Bi Pindo alilokuwa akilingojea.

"Basi twendeni uani."

Uani palikuwa na baridi kuliko nyumbani kwao, na mashine ikagoma. Alivuta mara sita, mara kumi. Makarani walianza kutokeza vichwa madirishani. Mtu mmoja alicheka. Jasho lilimshuka Bi Pindo mgongoni, na hasira ikamfanya avute ovyo, mpaka aliposikia sauti ya mumewe, tulivu, ya mtu aliye kazini.

"Acha. Imemeza petroli nyingi. Iache ipumue."

"Umejuaje?"

"Isikilize. Inavuta kwa uzito."

Wakangoja. Meneja akatazama saa yake, akaitazama tena. Kumi na Saba alikuwa ameinamisha sikio kwenye chuma baridi.

"Funga hewa nusu. Sasa. Vuta mara moja tu, kwa nguvu."

Akavuta mara moja. Uani pote pakalipuka.

Bi Pindo aliubeba hadi kwa mwenyekiti. Kwa kelele ile hakukuwa na maneno. Aliunyoosha tu mbele yake, kama mtu anavyompa mwenzake mtoto amshike. Mwenyekiti alisita. Kisha akamkabidhi karani miwani yake, akaupokea. Kumi na Saba akasogea kumwonyesha, kwa ishara, mkono wa kushoto ukae wapi.

Dakika ya kwanza alisimama wima. Dakika ya pili midomo yake ilibanana. Meneja aliinua mkono kuonyesha inatosha, naye mwenyekiti hakumtazama. Dakika ya nne mashavu yake yalikuwa yakitetema, na kibanio kikachomoka kwenye nywele zake na kuanguka. Dakika ya sita alifanya ishara kwa kichwa, na Bi Pindo akauzima.

Mwenyekiti aliutua msumeno taratibu, akamgeukia meneja.

"Ushike na wewe."

"Mimi? Mheshimiwa, nina... shati hili jeupe..."

"Ndiyo," alisema mwenyekiti. "Nimeliona."

Walirudi ndani. Alikaa, akavuta jalada, akachukua kalamu ili aandike yaliyotokea. Kalamu ikamponyoka. Akaichukua tena. Aliandika maneno matatu, akasita, akayatazama. Kila mtu aliyekuwa karibu na meza aliyaona: yalipanda na kushuka kama yameandikwa na mtu aliye ndani ya gari kwenye barabara mbovu.

"Dakika ngapi zile?" alimuuliza karani.

"Sita, mheshimiwa."

Mwenyekiti alipekua jalada, akatoa ripoti ya daktari, akaweka ncha ya kalamu juu ya neno la mwisho na kulipiga mstari. Mstari ulipinda, lakini ulilivuka neno lote. Akatia sahihi pembeni.

"Neno hili nimelifuta. Atapimwa upya, na daktari asiyelipwa na kampuni. Mashine inabaki hapa. Mengine yataamuliwa baada ya vipimo. Mtaandikiwa barua."

Kumi na Saba aliinama kushukuru. Bi Pindo hakuinama.

"Lini, mheshimiwa?"

"Mtaandikiwa, mama."

"Barua ya kwanza ilichukua miezi saba. Huyu hazeeki, mmesema wenyewe, lakini miezi inapita. Lini?"

Mwenyekiti akafungua kitabu chake cha tarehe, akachana kipande cha karatasi, akaandika siku na saa kwa mwandiko ule ule uliopinda, akamkabidhi. Bi Pindo aliisoma mara mbili kabla ya kuitia kifuani.

Walirudi wakiwa wamekaa kwenye mbao za ile pikipiki, gunia tupu limekunjwa kati yao. Fundi aliimba njia nzima. Bi Pindo hakuwa na hamu ya kuimba. Alikuwa akimfikiria yule daktari, ambaye hakuna aliyemuita, ambaye saa hizo pengine alikuwa akifunga kamba za viatu na kuandika mstari mwingine juu ya mtu mwingine.

Kwenye kizuizi cha kukagulia magogo, chini ya shamba la miti, lori la kampuni lilikuwa limesimamishwa. Juu ya mzigo walikaa wakataji watano wenye kofia ngumu za rangi ya machungwa. Jua lilikuwa limeshapanda, fundi alikuwa akitokwa jasho, lakini wale vijana walikuwa wakipuliza vidole vyao na kuvisugua kwenye mapaja.

"Simamisha," alisema Kumi na Saba.

"Tunachelewa, mzee."

"Nimesema simamisha."

Akashuka. Alivuka barabara kwa mwendo wake wa taratibu, akasimama kando ya gurudumu kubwa la lori, akaita. Vichwa vikageuka. Kwa umbali ule, na injini ya lori ikinguruma, Bi Pindo hakusikia hata neno moja. Aliona tu mumewe akiinua mikono yote miwili juu ya kichwa chake, vidole amevitawanya, akiigeuza huku na huku, na zile kofia tano zikiinama kwa pamoja kuitazama.